Mashauri kwa Mkulima: Trekta Kuukuu kwa Shamba Dogo

Mahindi yakiisha kupukuchuliwa na kuuzwa katika nchi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, mkulima huwa na fedha mkononi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ndio wakati uo huo waonekanapo watu wenye trekta za kuuza. Trekta husimamishwa kando ya barabara, imeoshwa, imepakwa rangi nyekundu mpya hata kwenye nati, na kibao kimefungwa mbele. Mtu apitaye kwenda sokoni huitazama, akaenda zake, akarudi kuitazama tena. Jioni humweleza mkewe. Hapo ndipo mambo yaanzapo, na mara nyingi huanzia mahali pabaya, kwa maana amekwisha kuipenda trekta kabla hajajiuliza kama anaihitaji.

Chukua mfano wa mwalimu aliyestaafu, mwenye shamba la ekari 9 karibu na Kitale. Plau ya diski mbili hukata upana wa kadiri ya nusu mita. Trekta ikienda kilomita 5 kwa saa, katika saa moja itageuza mita za mraba 2,500, kama haikusimama wala kugeuka. Lakini trekta hugeuka mwisho wa shamba, dereva hunywa maji, kisiki huonekana. Basi dereva hodari ahesabiwe nusu ekari kwa saa, yaani ekari 4 kwa siku ya saa nane. Ekari 9 za mwalimu zitakwisha kwa siku mbili na robo. Hata akiongeza kazi ya haro, na kubeba samadi, na kuleta mahindi nyumbani kwa trela, kazi yake yote haitapita siku kumi kwa mwaka. Siku zilizobaki trekta itasimama chini ya mti, na kuku watataga juu ya kiti chake.

Kwa hiyo mwenye shamba dogo hanunui trekta ya shamba lake peke yake. Anunua trekta ya kulimia watu wengine, apende asipende, na hesabu yake lazima iwe hesabu ya biashara. Na iwe kwamba trekta pamoja na plau vimemgharimu shilingi 900,000, fedha alizokopa katika chama cha akiba na mikopo alipe kwa miaka mitatu. Kila mwaka atahitaji shilingi 300,000, mbali na riba. Ikiwa, baada ya kutoa dizeli na mshahara wa dereva, hubakiwa na shilingi 1,500 kwa kila ekari aliyolima, basi hana budi kulima ekari 200 za watu kila mwaka ili alipe deni tu. Ekari 200 kwa ekari 4 kila siku ni siku 50. Hesabu hizi ni za mfano. Kila mtu aweke bei za kwao. Lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Sasa itazamwe kalenda. Watu wa huko hulima tangu mwezi wa Januari hata mvua kubwa zikaribie mwishoni mwa Machi. Hayo ni majuma kumi, na mtu akipumzika Jumapili anazo siku 60 za kazi. Siku 50 zikiwa za deni, zimebaki 10 za kuhama kutoka shamba hadi shamba, za kungoja kipuri, za ugonjwa wa dereva na za mvua isiyotazamiwa. Trekta ikilala majuma mawili tu katika mwezi wa Februari, mapato ya mwaka yamekwisha haribika, wala hayarudi katika mwezi wa Julai, maana katika Julai hakuna anayetaka kulimiwa. Hii ndiyo sababu ubora wa trekta kuukuu haupimwi kwa bei yake. Hupimwa kwa siku itakazosimama ikingoja fundi wakati wa kulima.

Hapana budi kusema neno juu ya rehani pia. Wako wanaotoa hati ya shamba ili wapate fedha za trekta. Shamba hudumu na trekta huchakaa, na kuweka kisichochakaa rehani kwa ajili ya kinachochakaa ni biashara ya kuogopesha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka kibali cha mume au mke kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, na mume asione kibali hicho kuwa udhia. Mara nyingi mke ndiye aliyehesabu siku 60 kabla yake.

Majirani wawili au watatu waweza kununua kwa pamoja, na hesabu hupungua ukali. Ila ugomvi wa ushirika wa namna hii hautokani na fedha kama watu wadhanivyo. Hutokana na swali la nani alimiwe kwanza mvua ikianza kunyesha. Wapige kura mwezi wa Desemba, waandike zamu katika daftari, na anayelimiwa wa mwisho mwaka huu awe wa kwanza mwaka ujao. Wasiokubaliana juu ya jambo hilo wakiwa bado hawajatoa fedha hawatakubaliana baadaye.

MASHINI ZA KONGWA

Kununua mashini zilizokwisha kutumika si jambo baya, lakini liko somo kubwa katika Afrika ya Mashariki ambalo wazee wa Tanganyika walilikumbuka kwa muda mrefu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga huko Kongwa. Baada ya vita trekta mpya hazikupatikana, basi zikanunuliwa zilizotumiwa na majeshi, nyingine zikiletwa kutoka mbali hata visiwa vya Ufilipino. Vifaru vya kivita vya Sherman navyo viligeuzwa na kiwanda cha Vickers huko Uingereza vikawa trekta. Walitazamia kupanda ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Hazikupatikana hata ekari 10,000. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na hasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 30.

Si trekta peke yake zilizoharibu kazi ile. Mvua zilikuwa haba, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, wenye mchanga uliokula majembe. Hata hivyo, trekta nyingi zilikufa mapema, maana hakuna aliyejua zilikotoka zilitunzwaje, vipuri havikuwapo, na mafundi walikuwa wachache kuliko mashini. Mambo hayo matatu, yaani historia ya mashini, vipuri, na fundi aliye karibu, ndiyo yale yale yamsumbuayo mwalimu wa Kitale, ingawa yeye anunua moja tu.

UKUBWA NA AINA

Watu wengi huuliza kwanza nguvu za farasi. Kwa shamba dogo na kazi ya kulimia majirani, trekta ya nguvu 45 hadi 60 yatosha. Iliyo chini ya hapo italima udongo mwekundu uliolimwa kila mwaka, lakini itashindwa na udongo mweusi wa mfinyanzi au shamba lililolala miaka mitano. Iliyo kubwa mno hula dizeli, hukanyaga na kugandamiza udongo, na haiwezi kugeuka katika kishamba cha ekari moja chenye ua pande zote. Mashamba yanayogawanywa kwa wana kila mara huzidi kuwa membamba, wala si kila mlango wa shamba utapitisha trekta kubwa.

Kuna trekta ndogo ziletwazo kutoka Japani zikiwa zimetumika huko, za Kubota, Yanmar na Iseki, za nguvu 15 hadi 25. Ni mashini nzuri, nazo zilitengenezwa hasa kwa mashamba madogo ya mpunga na kwa jembe la kuzunguka. Mwenye bustani ya mboga au mpunga zaweza kumfaa sana. Lakini ni nyepesi. Zikifungiwa plau katika ardhi kavu ya Januari, magurudumu huzunguka mahali pamoja. Tena maandishi ya kwenye vyombo vyake ni ya Kijapani, na vipuri huagizwa kwa kubahatisha.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa Kenya hurudia jamii moja, nayo ni ile iliyoanzishwa na Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, ilitengenezwa Coventry tangu mwaka 1946 hata 1956, na zilitoka zaidi ya nusu milioni. Ferguson hakushinda kwa nguvu, maana trekta ile ilikuwa na nguvu kidogo. Alishinda kwa mikono mitatu ya nyuma, ambayo huifanya plau kuwa kiungo cha trekta badala ya mzigo unaoburutwa. Plau ikizama katika udongo mgumu, haidroliki huiinua kidogo yenyewe, na uzito wake huongezeka juu ya magurudumu ya nyuma. Mwaka 1958 Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa Ferguson zilizofungwa minyororo, jambo ambalo halina msaada kwa mtu wa Kitale, lakini wauzaji hupenda kulitaja.

Baada yake zilikuja Massey Ferguson 35, kisha 135 tangu mwaka 1964, na baadaye 240. Mwenye kutazama MF 35 ya dizeli na ahesabu mabomba membamba yatokayo katika pampu ya dizeli. Zilizotengenezwa kwanza zilikuwa na silinda nne, nazo zilijulikana kwa uvivu wa kuwaka wakati wa baridi, na baridi ya asubuhi ya Molo au Ol Kalou si ya mchezo. Tangu mwishoni mwa 1959 zilitiwa injini ya Perkins ya silinda tatu, na hiyo ndiyo iliyoipatia jina jema. Injini za ukoo huo ziliendelea kutengenezwa India na Pakistani, kwa hiyo vipuri vyake hupatikana mpaka katika miji midogo, ijapokuwa si vyote vya ubora mmoja. Ford 3000, yenye silinda tatu, na Ford 5000, yenye nne, za tangu 1965, nazo ni trekta imara, na wako mafundi wasiotaka kusikia habari za nyingine.

Ubishi wa majina haya usimpotezee mtu muda. Aende madukani katika mji ulio karibu naye, aulize bei ya gasketi ya kichwa, sahani ya klachi na pampu ya maji ya aina aliyoitaja. Aulize tena siku ngapi vikikosekana. Trekta nzuri ambayo kipuri chake chatoka Mombasa au ng'ambo ni duni, kwa mtu mwenye siku 60, kuliko trekta ya wastani ambayo kipuri chake kiko ng'ambo ya barabara.

SIKU YA KUITAZAMA

Mnunuzi aende asubuhi na mapema, pamoja na fundi wake mwenyewe aliyemlipa mwenyewe. Fundi aliyeletwa na mwuzaji ni mwuzaji wa pili. Wafikapo, kabla ya maamkizi kuwa marefu, fundi aweke kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, iliwashwa kabla hawajafika, na aliyeiwasha alikuwa na sababu. Yafaa kurudi siku nyingine bila kutoa habari, maana tabia ya kuwaka ikiwa baridi ndiyo inayofunua zaidi kuliko jambo jingine lolote.

Injini ingali baridi, afungue kifuniko cha redieta atazame maji. Mafuta yanayoelea juu ya maji ni habari mbaya. Kisha achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si dhambi katika injini ya dizeli. Iliyo nyeupe kama chai ya maziwa ina maji ndani yake, na maji hayo yamepitia gasketi iliyoungua au chuma kilichopasuka. Oili mpya inayong'aa nayo ichunguzwe. Huenda mwuzaji ni mtu nadhifu, na huenda ametia oili nzito juzi ili kunyamazisha kelele.

Halafu afungue kichujio cha hewa. Hapa wanunuzi wengi hupita bila kutazama, na pengine hakuna mahali pengine panaposema kweli kama hapa. Trekta nyingi za zamani huvuta hewa kupitia bakuli lenye oili, nayo hunasa vumbi. Bakuli likiwa kavu, au limejaa tope gumu, au mpira uendao kwenye injini umepasuka, basi trekta hiyo imevuta vumbi la mashamba kwa misimu mingi. Vumbi hilo ni kama msasa ndani ya silinda. Rangi mpya yaweza kuficha kutu. Hakuna rangi ya kuficha silinda iliyosuguliwa na vumbi.

Sasa iwashwe. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si neno, kama unakoma baada ya dakika chache. Moshi wa buluu usiokoma maana yake inachoma oili, na pete za pistoni zimekwisha au ziko karibu. Moshi mweusi hutoka kila injini inapolemewa. Ukitoka hata ikiwa haina kazi, nozeli zimechoka au hewa haipiti vizuri. Kisha atafute bomba dogo la kupumulia la injini. Likitoa moshi kwa mapigo, puff puff kama mtu avutaye kiko, shinikizo lapita pembeni mwa pistoni, na injini yataka kufunguliwa. Kufungua injini si mwisho wa dunia. Ila bei yake na itolewe katika bei ya trekta, mbele ya mwuzaji, kwa kalamu na karatasi.

Iachwe inguruma nusu saa. Injini nyingi huwa na adabu zikiwa baridi na kuonyesha utovu wake zikipata moto: kipimo cha oili hushuka, maji huanza kutokota. Wakati huo huo fundi atazame mahali injini inapoungana na giaboksi. Trekta hizi hazina fremu kama lori. Chuma cha injini na cha giaboksi ndicho uti wa mgongo wao, na ufa mahali hapo, au alama ya kuchomelewa, yatosha kuwafanya watu waage kwa heshima na kurudi kwao.

Klachi ya trekta nyingi za Massey Ferguson ina hatua mbili. Pedali ikishuka nusu, magurudumu husimama. Ikifika chini, shafti ya nyuma iendeshayo mashini nayo husimama. Zote mbili zijaribiwe. Gia ijaribiwe kila moja huku trekta ikivuta, hasa gia za kulimia. Gia inayoruka wakati wa kupanda kilima imekwisha meno. Breki zikanyagwe moja moja, kulia na kushoto, kwa kuwa mara nyingi oili ya ekseli huvuja mpaka kwenye breki ya upande mmoja.

Kuhusu haidroliki, fundi asikubali kuona mikono mitupu ikipanda na kushuka. Plau ifungwe. Iinuliwe, iachwe juu huku injini ikienda, nayo itazamwe. Ikitulia, vema. Ikishuka kidogo na kupanda, ikishuka na kupanda, kama mtu mwenye kwikwi, mafuta yanavuja ndani, na kazi ya kuitengeneza ni ya fundi ajuaye, si ya mwenye nyundo tu. Kisha plau ipelekwe ardhini, ilime hatua mia moja. Mwuzaji asiyekubali trekta yake ilime hatua mia moja anaficha kitu.

Saa ya kuhesabu kazi iliyofanywa isiaminiwe, maana katika trekta nyingi ilikufa zamani au imebadilishwa. Zitazamwe pedali: chuma kilicholika mpaka kikang'aa ni kazi ya miguu ya miaka mingi. Itazamwe tundu ya kufungia trela, kama bado ni duara au imekuwa kama yai. Ekseli ya mbele iinuliwe kwa jeki, na magurudumu yatikiswe kwa mikono miwili.

Matairi ya nyuma ni ghali kuliko wanunuzi wadhanivyo. Meno yakiwa yamelika katikati, trekta ilikuwa ikivuta trela barabarani kuliko kulima. Na trekta zilizotoka Ulaya zitazamwe rimu karibu na valvu, kwa sababu huko hujaza matairi maji ya chumvi ya kalisi ili kuongeza uzito, na chumvi hiyo hula chuma. Taa na betri si jambo kubwa, zaweza kununuliwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya trekta methali hii ni kweli nusu tu. Trekta zilizo njema mara nyingi hazisimamishwi barabarani kabisa. Huuzwa na mzee aliyechoka, au na warithi wasiotaka kulima, na habari zake hupatikana kwa dereva aliyeiendesha. Dereva huyo atafutwe. Akiulizwa kwa upole, tena mbali na bwana wake, ajua kila ugonjwa wa mashini ile kama mama ajuavyo wa mtoto.

KARATASI

Namba za chesi na za injini zilizogongwa katika chuma zilinganishwe na zile zilizo katika kitabu cha usajili, na mwuzaji aonyeshe kitambulisho chake. Jina la benki likionekana pamoja na jina la mwuzaji, deni halijakwisha, na trekta si mali yake peke yake. Mwenyewe akiwa amefariki, asiyekuwa na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi hana haki ya kuuza, hata akiwa mwana wa kwanza na mtu wa kanisa. Wanunuzi wametoa fedha zote, wakalima msimu mmoja, kisha ndugu za marehemu wakaja na polisi kuichukua. Fedha za mwisho zisitolewe mpaka umilikaji umehamishwa katika Mamlaka ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA. Mapatano yaandikwe, na plau, trela na vyuma vya kufungia vitajwe kwa majina, maana vitu ambavyo mdomo uliahidi huwa havipo siku ya kuchukua.

IFIKAPO NYUMBANI

Mnunuzi asiipeleke shambani siku ile. Oili ya injini na ya giaboksi zibadilishwe, vichujio vyote viwe vipya, bakuli la kichujio cha hewa lioshwe na kutiwa oili safi, kila nipeli ipate grisi. Wakati wa kulima bakuli hilo litazamwe kila jioni. Ni kazi ya dakika tano, na mwenye trekta aifanye mwenyewe, au asimame karibu na dereva aifanyapo.

Na dereva huyo achaguliwe kwa uangalifu kama trekta yenyewe ilivyochaguliwa. Trekta za zamani nyingi hazina fremu ya chuma ya kumkinga mtu ikipinduka, na katika miteremko ya Murang'a au Kisii hilo si jambo dogo. Zikiwapo mbili zinazolingana, moja ikiwa na fremu, hiyo inunuliwe hata ikizidi bei. Gogo au gari lililokwama livutwe kwa mnyororo uliofungwa kwenye chuma cha chini cha kuvutia, wala si kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu. Mnyororo ukifungwa juu na mzigo ukakataa kutoka, trekta huinua pua yake na kumwangukia dereva chali, kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Shafti ya nyuma nayo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde, na pindo la koti likishikwa nayo hakuna mtu mwenye nguvu za kujivuta. Kifuniko chake kikiwa kimepotea, na ndivyo ilivyo katika trekta nyingi kuukuu, kinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Watoto wasipande juu ya madigadi, hata wakilia.